Kompyuta Yetu Ilipougua

Mwenye nyumba akisikia maji yanadondoka darini usiku wa manane, haendelei kulala. Huamka akaweka ndoo, na kukicha hutafuta fundi. Sisi, mume na mke tuliooana miaka 19 iliyopita, tulisikia mlio wa hatari ndani ya nyumba yetu kwa miezi miwili mizima na tukaendelea kulala. Mlio huo haukutoka darini. Ulitoka ndani ya kompyuta mpakato iliyokuwa ikikaa juu ya kabati la vyombo.

Tunaandika haya tukiwa wawili, kwa sababu kosa lilikuwa la wote wawili. Katika maelezo yetu tutajiita Baba na Mama, kama watoto wetu watatu wanavyotuita. Tunajua kwamba nyumba nyingi siku hizi zina kompyuta moja ya familia, inayotumiwa na kila mtu na isiyotunzwa na yeyote. Huenda yaliyotupata yakawasaidia akina mama wenzetu kabla mambo hayajaharibika.

Dalili tulizozipuuza

Kompyuta hiyo tuliinunua mwaka 2016, ikiwa mtumba, hapa Morogoro tunapoishi. Baba, ambaye ni mwalimu, aliitumia kuandaa masomo na kutunza alama za wanafunzi. Mama aliitumia kwa biashara yake ya keki za harusi na kipaimara. Watoto waliitumia kwa kazi za shule, na kwa mambo mengine ambayo hatukuyachunguza sana.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 ilianza kuchelewa kuwaka. Ilikuwa ikichukua dakika moja; ikawa tano, kisha kumi. Mara nyingine mshale ulisimama katikati ya kioo, usisogee hata ukisukumwa. Mama alisema ni joto la Morogoro. Baba alisema ni watoto na michezo yao, na binti yetu mkubwa akakemewa bure. Kisha ukaja ule mlio: tik, tik, tik, kama saa ya ukutani inayotaka kusimama. Tulipousikia tulitazamana, halafu tukaongeza sauti ya redio.

Siku moja Mama alitaka kumwonyesha mteja picha ya keki aliyoitengeneza mwaka uliotangulia. Folda ya picha haikufunguka. Alijaribu tena na tena, mpaka mteja akaaga. Jioni ile ndipo tulipokumbuka mambo yote tuliyokuwa tumeyaweka ndani ya mashine ile, na hofu ikatuingia.

Kilichokuwamo ndani

Daftari la oda za keki lilikuwamo, pamoja na majina ya waliolipa malipo ya awali kwa ajili ya harusi za miezi iliyofuata. Picha za watoto tangu kuzaliwa zilikuwamo. Lakini kilichotuuma kuliko vyote kilikuwa sauti ya Bibi.

Bibi ni mama yake Baba. Desemba 2017 tulikwenda Marangu kwa sikukuu, na kwa siku tisa Baba alimrekodi mama yake kwa simu. Bibi hakupenda kukaa tu akiongea. Aliongea huku akimenya ndizi za mtori, au akipepeta maharage. Alieleza jinsi alivyoposwa, jinsi kihamba kilivyogawanywa, mwaka wa njaa walikula nini, na watoto wake wawili waliokufa wakiwa wachanga waliitwa nani. Alitaja majina ya wazee wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa zamani kabisa aliyemjua. Sehemu nyingine alisema Kichaga, na Mama anasikika akiuliza maana. Zilikuwa rekodi 43. Tuliporudi nyumbani tulizihamishia kwenye kompyuta, na simu ile ikaibiwa stendi mwaka uliofuata.

Bibi alifariki Agosti 2019. Baba hakuzifungua rekodi zile tangu siku ya mazishi. Alijua tu kwamba zipo.

Kosa lililokaribia kutuponza

Kijana mmoja wa jirani, mwenye nia njema, alituambia kwamba Windows ina amri ya kukagua na kutengeneza diski. Aliianzisha saa tatu usiku, akasema tuiache mpaka asubuhi. Saa kumi alfajiri umeme ulikatika. Betri ya kompyuta ilikuwa imechoka siku nyingi, basi mashine ikazimika katikati ya kazi. Kulipokucha, baadhi ya picha zilizokuwa zikifunguka jana yake hazikufunguka tena.

Baadaye tulielezwa kwa nini. Amri ile hutengeneza mpangilio wa faili, yaani orodha inayoonyesha kila kitu kimewekwa wapi. Kwenye diski yenye afya ni msaada mzuri. Kwenye diski inayokufa, huilazimisha kusomwa yote kwa nguvu, kona hadi kona, na huandika marekebisho juu ya kitu ambacho tayari hakisomeki sawasawa. Ni kama kumwamuru mgonjwa wa moyo apande mlima ili tujue anaumwa kiasi gani.

Mafundi wawili

Fundi wa kwanza tuliyemwendea aliiwasha, akaitazama kidogo, akasema, "Hii napiga Windows upya. Elfu ishirini, mje jioni." Mama alifurahi. Ilikuwa bei nafuu, na alikuwa amechoshwa na mashine ya kusubiriwa kama daladala la jioni. Baba akauliza, "Na vitu vyetu vilivyomo?" Fundi akajibu, "Kama mnavyo kwenye flashi, hakuna shida."

Hatukuwa navyo kwenye flashi. Akina mama, mkipelekwa mahali na mkaambiwa "kupiga Windows upya", ulizeni mara moja kama maana yake ni kufuta diski. Mara nyingi ndiyo maana yake. Tuliichukua kompyuta yetu tukaondoka.

Fundi wa pili alikuwa dada wa miaka kama thelathini, mama wa watoto wawili, mwenye kibanda kidogo karibu na soko. Alitusalimu, "Shikamooni," akatukaribisha, na kabla hajagusa bisibisi akauliza swali moja: "Humu ndani kuna kitu gani ambacho hamna mahali pengine popote?"

Baba akamwambia habari za sauti ya mama yake. Yule dada akanyoosha mkono akaizima kompyuta pale pale. "Basi isiwashwe tena," alisema. "Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inajiharibu."

Alitutolea diski moja mbovu iliyofunguliwa, anayoitumia kuwaelezea wateja. Ndani tuliona sahani inayong'aa kama kioo, na mkono mwembamba juu yake mfano wa ule wa gramafoni. Sahani ya kompyuta kama yetu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Ncha ya mkono haiigusi sahani. Huelea juu yake katika nafasi iliyo nyembamba maelfu ya mara kuliko unywele. Ikigusa, hukwangua, na kilichoandikwa hapo hupotea. Hii ndiyo sababu diski haifunguliwi mezani ovyo. Chembe ya vumbi kwake ni jiwe.

Kampuni ya IBM ndiyo iliyotoa diski ya kwanza ya namna hii, mwaka 1956. Ilikuwa na sahani 50, kila moja yenye upana wa inchi 24, na zote kwa pamoja zilibeba herufi milioni 5 tu. Leo wimbo mmoja wa dakika nne kwenye simu hujaza nafasi ya kiasi hicho. Sisi tulikuwa tumeweka maisha ya nyumba nzima ndani ya kitu cha ukubwa wa kipande cha sabuni, wala hatukuwahi kukifikiria.

Diski yenyewe hutunza daftari la afya yake. Yule dada aliitoa diski yetu, akaiunganisha kwenye mashine yake akalisoma daftari hilo. Palikuwa na vipande 212 ambavyo diski ilishindwa kuvisoma. Tuliuliza kama hiyo ni nyingi. Akasema hata kimoja ni cha kuogopwa. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa la kwanza katika ukaguzi, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa. Waliona pia kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kubwa walizozichunguza. Kwa hiyo dalili ikiwapo, ikimbilie, isipokuwapo, usijivune.

Njia mbili

"Tukishaokoa," yule dada alisema, "zipo njia mbili za kuendelea. Nendeni mkazungumze nyumbani."

Njia ya kwanza ni kuinakili diski yote ilivyo na kuiweka kwenye diski mpya, mpaka ya pili iwe pacha wa ile ya kwanza. Mafundi huita kukloni. Ukiwasha kompyuta unakuta kila kitu mahali pake: programu, picha ya mbele, maneno ya siri yaliyohifadhiwa, hata faili ulizosahau kuzifuta. Njia ya pili ni kuweka diski mpya tupu, kupiga Windows upya juu yake, kisha kurudisha faili zako tu na kuweka programu moja moja kwa mkono.

Alitupa mfano wa kuhama nyumba. Ukikloni, unahama na kila kitu bila kuchambua, na mende waliomo kabatini wanahama nawe. Ukianza upya, unaingia kwenye nyumba iliyopigwa deki, lakini lolote ambalo hukukumbuka kulibeba limebaki kwenye nyumba ya zamani.

Tulirudi nyumbani, na hatukukubaliana. Mama alitaka kuanza upya. Alisema kompyuta ile ilikuwa imejaa takataka za miaka minane, na alihitaji mashine ya kazi, siyo ghala. Baba alitaka pacha. Alisema hataki kitu chochote kiguswe wala kiondolewe mahali kilipo. Tulibishana wakati wa chakula, tukabishana tena baada ya watoto kulala. Mama alisema, "Unang'ang'ania uchafu." Baba alisema, "Wewe kwako kila kitu cha zamani ni uchafu." Tukalala bila kusemezana.

Wenzetu mlio katika ndoa mnafahamu kwamba ugomvi wa namna hii mara chache huwa juu ya kitu kinachotajwa. Siku ya pili, tukiwa jikoni, Baba alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema. Baada ya mazishi ya mama yake, ndugu waligawana vitu, nyumba ikafagiliwa na kupakwa rangi, na alipoingia chumbani mwa mama yake hakukuta hata harufu yake. Tangu siku hiyo, neno "tusafishe, tuanze upya" lilimchoma. Mama naye akakiri kwamba alikuwa na hofu ambayo alikuwa akiificha. Malipo ya awali ya harusi tatu yalikuwa yameshatumika kununua unga, siagi na sukari, na bila daftari la oda hakujua vizuri nani anadai nini. Alitaka mashine inayofanya kazi Jumatatu, kwa sababu jina lake lilikuwa hatarini.

Tulipoyasema hayo, ubishi uliisha. Hatukuwa tumeamua bado, ila sasa tulijua tunaokoa nini.

Kuokoa kwanza

Yule dada alitufundisha kwamba kwa diski inayokufa kuna hatua inayotangulia njia zote mbili, nayo ni kuokoa. Programu za kawaida za kukloni zimetengenezwa kwa ajili ya diski nzima. Zikikutana na kipande kisichosomeka, nyingi hukwama hapo hapo, zikikisoma na kukirudia huku mgonjwa akimalizika. Kufungua folda na kuburuta faili moja moja nako si salama sana, kwa maana mkono wa diski hukimbia huku na huko.

Yeye alitumia ddrescue, programu ya bure aliyoianza Antonio Díaz Díaz mwaka 2004. Programu hiyo huisoma diski mbovu bila kuandika chochote juu yake. Kwanza huchukua sehemu zote zinazosomeka kwa urahisi, ikiruka mahali penye ubovu. Ikishayakusanya mazima, hurudi kwenye yale mabovu na kuyajaribu polepole. Wakati wote huandika kwenye faili ndogo imefika wapi, hata umeme ukikatika huendelea pale ilipoishia. Mama alisema huo ndio uchumaji wa maharage shambani mvua inapotishia: unachuma kwanza yaliyokauka, ya kubahatisha unayarudia kama bado kuna wakati.

Tulinunua diski ya nje ya GB 1,000 kwa shilingi 165,000 ili kupokea nakala. Fedha hizo zilikuwa za mapazia mapya. Diski ya ukubwa wa yetu, GB 500, ikiwa na afya hunakiliwa yote kwa saa chache. Yetu ilichukua saa 41. Baba alipita kibandani kila alipotoka shuleni, akasimama mlangoni kama mtu aliye na mgonjwa wodini. Mwisho yule dada alipiga simu: vyote vimepatikana isipokuwa vipande vichache, jumla yake hata MB 3 hazifiki. Diski ya zamani ilizimwa, ikafungwa kwenye mfuko, ikaandikwa tarehe. Hakuna aliyeigusa tena.

Tulichoamua

Sasa tulikuwa na pacha salama kwenye diski ya nje. Tulinunua diski mpya ya aina ya SSD, ya GB 500, kwa shilingi 130,000. Ukitaka kukloni, diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. SSD haina sahani wala mkono unaotembea, hivyo haina mlio na ni ya haraka sana. Ila nayo hufa, na mara nyingi hufa ghafla bila kubisha hodi.

Kwa kumheshimu Baba, yule dada alijaribu kwanza njia yake. Alimweka pacha kwenye diski mpya akawasha. Windows iliwaka, ikaganda, ikajizima. Miongoni mwa vipande vichache vilivyopotea, baadhi vilikuwa katika faili za Windows yenyewe. Pacha wa mgonjwa naye alikuwa mgonjwa. Baba aliyaona kwa macho yake, akasema, "Basi tuanze upya."

Kabla ya kuanza, tulikaa mezani na karatasi, tukaandika kila tulichokihitaji: programu ya alama za shule, programu ya oda, mashine ya kuchapia, anwani za barua pepe, maneno ya siri. Tulishangaa jinsi tulivyokuwa hatuyajui maneno yetu ya siri. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiyakumbuka kwa niaba yetu. Kuhusu leseni ya Windows, tulipata habari njema. Tangu Windows 10, leseni iliyokwisha kuthibitishwa kwenye mashine huwa imefungamana na bodi kuu ya mashine, siyo diski. Ukibadilisha diski na kuweka toleo lile lile, kwa kawaida hununui tena.

Siku ile ile jioni kompyuta iliwaka kwa sekunde chini ya 20. Mama alicheka kwa furaha. Kisha akafungua programu ya oda, akaikuta tupu. Hakuna jina hata moja. Tulikuwa tumerudisha folda zetu zote za nyaraka, picha na sauti, lakini programu ile ilikuwa ikihifadhi kumbukumbu zake mahali pengine, katika folda iliyofichwa ambayo hatukuwahi kuiona. Kama tungemwachia fundi wa kwanza, hapo ndipo habari ingekuwa imekwisha.

Pacha ndiye aliyetuokoa. Yule dada alimfungua, akatafuta katika folda zilizofichwa, na baada ya nusu saa daftari la oda likarudi, pamoja na wale maharusi watatu na madeni yao. Mama alimgeukia Baba akamwambia, "Samahani. Ulikuwa na haki ya kutaka kila kitu kibaki." Baba akajibu, "Na wewe ulikuwa na haki kwamba hatuwezi kuishi ndani yake."

Sauti ya Bibi

Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha usiku, tulizima televisheni tukawaita watoto. Baba alibonyeza rekodi ya kwanza. Kisu kikasikika kwenye ganda la ndizi, kisha Bibi akasema, "Umeshawasha hicho kidude chako?" Watoto walicheka. Mdogo wetu, aliyekuwa na mwaka mmoja Bibi alipofariki, aliuliza, "Ndiye huyu?" Baba hakuweza kumjibu. Mama ndiye aliyemjibu.

Rekodi 41 zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa zimeharibika. Moja ilikuwa na mkwaruzo mfupi tu. Nyingine ni ile ya majina ya wazee wa ukoo. Bibi anataja majina sita, anavuta pumzi ataje la saba, na sauti inakatika.

Tulikaa kimya kwa muda. Kisha Mama akasema, "Shangazi anayajua." Tulimpigia simu dada mkubwa wa Baba usiku ule ule, naye akayataja yote bila kusita, tisa jumla, na akamrekebisha Baba matamshi. Baba alimwomba ayataje tena, polepole, ili tumrekodi. Shangazi akauliza, "Siku zote hizi mlikuwa mnamtegemea nani kuwafundisha watoto hawa?" Hatukuwa na jibu. Sasa watoto wetu wanayajua majina yote tisa kwa moyo, na hakuna diski inayoweza kufa nayo.

Tuliyojifunza

Kwa faida ya wenzetu, tumeyapanga mafunzo yetu kwa ufupi.

1. Kompyuta ikianza kulia, kuganda au kukataa kufungua faili, izime. Usiiagize ijitengeneze, wala usiifungue diski yake.

2. Mwambie fundi kwanza kilicho cha thamani, kisha ndipo umwambie ubovu. Fundi asiyeuliza swali hilo, mshukuru uondoke.

3. Okoa kwanza kwenye diski nyingine, kisha ndipo uchague njia. Ikiwa diski imefungwa kwa ufunguo wa usimbaji, kama BitLocker, utafute ufunguo wake wa akiba mapema. Bila huo, nakala nzuri haitafunguka.

4. Kukloni kunafaa pale diski ya zamani bado ina afya na Windows yako ni nzima, kwa mfano unapohamia kwenye SSD ili kupata kasi. Kuanza upya kunafaa pale Windows imeharibika, imeingiliwa na virusi, au imepitwa na wakati. Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida wa bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo anayekloni mashine ya zamani leo ajue kwamba anaubeba uzee huo pia.

5. Hata ukianza upya, mhifadhi pacha. Usiifute diski ya zamani mpaka kila mtu nyumbani ameitumia kompyuta mpya kwa majuma kadhaa na kusema, "Sijapungukiwa kitu."

6. Weka nakala tatu za kile usichoweza kukipata tena, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba yako. Yetu ya tatu iko Moshi, kabatini kwa Shangazi. Mwizi akija au moto ukitokea, havitafika huko.

7. Mara moja kila baada ya miezi mitatu, fungua nakala zako uzisikilize. Nakala isiyojaribiwa ni sawa na mbegu iliyowekwa ghalani bila kutazamwa. Siku ya kupanda ndipo utakapokuta imeliwa na dumuzi.

Gharama yote, pamoja na ujira wa yule dada wa shilingi 60,000, ilikuwa shilingi 355,000. Mapazia yetu bado ni yale ya zamani, na jua la mchana limeyapausha. Wageni wakiuliza, huwaambia kwamba tulikuwa na mgonjwa.